Walioambiwa Wamechoka Tu

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu hivi. Wale mlioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu, la, sijaacha. Nilikuwa nasoma. Nilianza na makala moja niliyotumiwa usiku kwenye simu, nikajikuta nimezama kwenye mabishano yaliyoanza kabla mama yangu hajazaliwa, na ambayo mpaka leo hayajakwisha.

Makala ile nilitumiwa na dada mmoja tuliyekuwa tukikaa naye meza moja kazini. Yeye alikuwa msanifu wa kurasa. Mwanzoni mwa 2021, wakati ule hapa Dar tulipokuwa tukisema "changamoto ya kupumua" kwa sauti ya chini, naye aliipata hiyo changamoto. Akaugua wiki mbili, homa ikaisha, akarudi kazini. Lakini aliyerudi hakuwa yule. Mtu aliyekuwa akipanga kurasa 16 huku akiimba taarabu, sasa akipanda ngazi za ghorofa moja lazima akae chini. Akisoma aya moja, akifika mwisho kasahau mwanzo. Hospitali wakampima malaria, taifodi, damu, figo, sukari. Vyote safi. Daktari mmoja akamwambia ana mawazo. Shangazi yake akasema ametupiwa kitu. Kazini tukasema (nasema "tukasema" kwa sababu nami nilikuwemo) kwamba amezoea kukaa nyumbani.

Na wote, madaktari, shangazi na sisi, tulimpa ushauri uleule: jikaze, fanya mazoezi. Akafanya. Jumamosi moja asubuhi alikwenda Coco Beach, akakimbia kidogo, akatembea kidogo. Jumapili alikuwa sawa tu. Jumatatu hakuweza kuinua kichwa, na kwa siku tisa alilishwa na mdogo wake kitandani.

"Mdogo wangu, mimi siyo mvivu," aliniandikia pamoja na ile makala. "Soma uone walivyofanywa wenzangu Ulaya."

Nimesoma. Sisemi kwamba yeye ana ugonjwa ninaotaka kuusimulia. Mimi si daktari, na hakuna daktari aliyempa jina hilo. Nasimulia kwa sababu kisa chenyewe kimenishika, na kwa sababu, kama utakavyoona huko mbele, kinanihusu mimi na kazi yangu kuliko nilivyotegemea.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe ni nusu ya ugomvi. Wengi wanauita ugonjwa wa uchovu sugu. Sasa wewe mwambie mtu aliyetoka Mbagala hadi Posta kwa daladala, kasimama njia nzima, kwamba kuna ugonjwa unaitwa uchovu. Atacheka. Atakwambia basi sote wagonjwa! Wagonjwa wenyewe wanalichukia jina hilo. Wanapenda jina la kwanza, lile refu la Kilatini na Kigiriki linalovunja ulimi, ambalo maana yake ni maumivu ya misuli pamoja na uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo. Kwa kifupi wanasema ME, nami nitatumia hilo.

Jina hilo lilitokana na mambo yaliyotokea London mwaka 1955. Tarehe 13 Julai, daktari mmoja na muuguzi msimamizi wa wodi katika hospitali ya Royal Free walilazwa na ugonjwa ambao wenzao hawakuuelewa. Kabla ya mwisho wa mwezi, wafanyakazi zaidi ya 70 walikuwa wameugua. Tarehe 25 Julai hospitali ikafungwa, haikufunguliwa tena mpaka tarehe 5 Oktoba. Hebu fikiri, hospitali kubwa ya kufundishia madaktari, katikati ya jiji, imefungwa kwa sababu wauguzi na madaktari ndio wagonjwa. Mpaka Novemba walikuwa wamefika 292, na 255 kati yao walilazwa. Cha ajabu, wagonjwa wa kawaida waliokuwa tayari wamelala wodini walioambukizwa walikuwa 12 tu.

Koo liliwauma, tezi zikavimba, kichwa, kizunguzungu, misuli ikauma na kulegea, wengine viungo vikapooza kwa muda. Vipimo vikatafuta kirusi, havikupata. Daktari Melvin Ramsay, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza pale pale, aliwatibu na kuwafuatilia. Wengi walipona. Wengine hawakupona kabisa. Ramsay aliandika jambo ambalo ukilisoma leo unamwona dada yangu wa Coco Beach: misuli ya wagonjwa hawa ilichoka kwa kazi ndogo tu, kisha zilipita siku tatu au zaidi kabla nguvu hazijarudi. Yeye alishikilia hoja hiyo mpaka alipofariki mwaka 1990. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 1969, liliuweka ugonjwa huo katika orodha ya magonjwa ya mfumo wa fahamu.

Halafu ukaja mwaka 1970.

Mwanzoni mwa mwaka huo, madaktari wawili wa magonjwa ya akili, Colin McEvedy na A. W. Beard, walichapisha makala mbili katika toleo moja la British Medical Journal. Walisema kilichotokea Royal Free kilikuwa histeria ya kundi, yaani hofu iliyoenea kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Hoja zao kubwa zilikuwa mbili: vipimo havikuonyesha kitu, na waliougua wengi walikuwa wanawake. Kwamba Royal Free ilikuwa na historia ndefu ya kufundisha madaktari wanawake, na wauguzi wa zama hizo karibu wote walikuwa wanawake, hilo halikuwapunguzia kasi.

Na walifikiaje uamuzi huo? Walisoma mafaili. Hawakumhoji mgonjwa hata mmoja. Kulikuwa na watu mia mbili na zaidi waliougua, wengi wao wakiwa hai, wengine madaktari wenzao wanaoweza kuelezea mwili wao kwa lugha ya kitaalamu, na hakuna aliyeulizwa.

(Pembeni kidogo: huyu McEvedy ndiye yuleyule aliyetunga zile atlasi za historia za Penguin, ikiwemo ya historia ya Afrika. Nilikuwa nayo chuoni. Mtu mwenye kipaji cha kutazama dunia kutoka juu sana.)

Hapa nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Nilikumbuka kitu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kwenye shule moja ya sekondari ya wasichana ambako wanafunzi walikuwa wakianguka na kupiga kelele. Nyote mnazijua habari hizi, kila mwaka zipo. Nilizungumza na mkuu wa shule. Nilizungumza na ofisa elimu. Nilizungumza na mchungaji aliyesema ni mapepo na daktari aliyesema ni histeria, nikafurahi kwamba nina pande mbili, habari imekamilika. Ilitoka ukurasa wa tatu, ikiwa na jina langu. Siku ya pili mama mmoja alinipigia simu. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, habari nimeisoma. Mbona mtoto mwenyewe hukumuuliza?" Nilijibu kitu kuhusu sera ya shule. Lakini ukweli ni kwamba haikunijia akilini. Wasichana walikuwa kama mandhari tu. Wanaoanguka wanaanguka, wenye akili timamu wanaeleza kwa nini.

Na sisi Watanzania tuna nafasi yetu kwenye vitabu vya histeria, sijui kama mnajua. Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kati ya 159, waliopatwa walikuwa 95, na mwezi Machi shule ikafungwa. Waliosoma saikolojia wameshakutana na kisa hicho. Sipingi kwamba mambo ya namna hiyo yapo. Ninachosema ni kwamba histeria ni jina rahisi kubandika, gumu kubandua, na mara nyingi anayebandikwa hayupo chumbani.

Makala zile mbili za 1970 zilifanya kazi yake. Kwa miaka mingi iliyofuata, mgonjwa wa ME akienda kwa daktari Uingereza alikuwa akikutana na kivuli cha McEvedy mlangoni.

Nirudi nyuma kidogo zaidi, maana kuna kichekesho hapa. Karne moja kabla, mwaka 1869, daktari Mmarekani aliyeitwa George Beard (Beard mwingine huyo, msichanganye) alileta jina neurasthenia, udhaifu wa mishipa ya fahamu. Ulikuwa ugonjwa wa heshima, wa watu wanaotumia akili sana. Na ulifika mpaka huku kwetu! Maofisa wa kikoloni wa Kiingereza katika Afrika Mashariki walikuwa wakikutwa na "neurasthenia ya kitropiki", eti jua la ikweta linawachosha mishipa. Walivaa helmeti na vitambaa vya kukinga uti wa mgongo, na waliozidiwa walirudishwa kwao kupumzika. Mzungu akichoka, ni mishipa. Mwafrika akichoka kwenye shamba la huyohuyo Mzungu, ni uvivu. Nani alisema utabibu hauna siasa?

Haya, tuendelee.

Mwaka 1984 na 1985 ugonjwa unaofanana uliibuka Incline Village, mji mdogo kando ya ziwa Tahoe katika jimbo la Nevada, Marekani. Madaktari wawili wa pale, Paul Cheney na Daniel Peterson, waliita wataalamu wa CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa. Wataalamu walikuja, wakatazama, wakaondoka bila kushawishika sana. Magazeti (aibu yetu tena) yakauita homa ya mayapi, yaani ya vijana wenye pesa na kazi nzuri waliochoka na maisha. Mwaka 1988 CDC ikatoa jina rasmi, nalo ndilo lile la uchovu sugu. Mwaka 1999 wakaguzi wa serikali waligundua kwamba kati ya dola milioni 22.7 zilizodaiwa kutumika kuuchunguza ugonjwa huu katika miaka ya katikati ya 1990, dola milioni 8.8 zilikuwa zimetumika kwa mambo mengine. Aliyefichua ni mtafiti wa ndani, William Reeves. Ningependa kuandika blogu nzima juu yake, lakini leo safari yetu ni ya Uingereza.

Huko Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1980, kundi la vijana wa taaluma ya magonjwa ya akili lilianza kushughulika na wagonjwa hawa. Anayejulikana zaidi ni Simon Wessely. Hapa nataka niwe mwangalifu, maana ukisoma upande mmoja tu utadhani ni majitu ya kwenye hadithi. Wagonjwa wale walikuwa wametupwa. Madaktari wa neva walisema hakuna kitu, madaktari wa kawaida wakasema nenda nyumbani. Wessely na wenzake walisema: tunawaamini kwamba mnaumwa, na tuna kitu cha kujaribu. Kwa mtu aliyefukuzwa kila mlango, hilo si jambo dogo.

Mwaka 1989 waliandika nadharia yao. Nitaieleza kwa Kiswahili cha nyumbani. Unapata kirusi, unaumwa kweli, unalala. Kirusi kinaondoka. Lakini wewe umeshaogopa: kila ukijaribu kuamka unasikia maumivu, unafikiri ugonjwa umerudi, unalala tena. Misuli inalegea kwa kutotumika. Kulegea kunaleta uchovu zaidi, uchovu unaleta hofu zaidi. Gurudumu linazunguka. Kwa hiyo kinachoendeleza ugonjwa ni hofu na mwili kukosa mazoezi, na tiba ni mbili: mazungumzo ya kubadili fikra na tabia, na mazoezi ya kuongezwa kidogokidogo kila wiki.

Ni nadharia nzuri. Nasema kweli, nilipoisoma mara ya kwanza niliona ina mantiki. Ubaya wake ni kwamba ina mlango wa kuingilia na haina wa kutokea. Mgonjwa akisema "mazoezi yananizidishia", jibu lipo tayari: hiyo ndiyo hofu tunayoizungumzia. Kila anachosema kinathibitisha nadharia. Utampingaje mtu ambaye kukanusha kwako ndiyo ushahidi wake?

Niongeze hili kabla sijaeleweka vibaya. Wagonjwa wa ME hawakukataa kwa sababu ugonjwa wa akili ni aibu. Wapo wenye dhana hiyo, kama walivyopo kwetu. Lakini hoja yao kubwa ilikuwa ya vitendo kabisa: hii dawa mnayotupa inatuumiza. Katika kila uchunguzi ambao vyama vyao viliwauliza wanachama, mazoezi ya kuongezwa yalitajwa na wengi kuwa yamewazidishia. Madaktari wakajibu kwamba hiyo si sayansi, subirini jaribio kubwa.

Jaribio kubwa likaja. Liliitwa PACE. Liligharimu takriban pauni milioni 5 za umma, na miongoni mwa walioligharamia ilikuwemo wizara inayosimamia mafao ya watu wasioweza kufanya kazi, jambo ambalo wagonjwa hawakuacha kulinyooshea kidole. Waliandikishwa wagonjwa 641 kati ya 2005 na 2008, wakagawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Wote walipata huduma ya daktari. Kundi moja likaongezewa tiba ya mazungumzo, lingine mazoezi ya kuongezwa, lingine likafundishwa kuishi ndani ya mipaka ya nguvu zao, na la nne likabaki na huduma ya daktari peke yake. Walioongoza ni Peter White, Trudie Chalder na Michael Sharpe.

Februari 2011 matokeo yakatoka kwenye The Lancet: mazungumzo na mazoezi yanasaidia, kwa kiasi cha wastani, na ni salama. Mwaka 2013 ikaja makala ya pili: kwa kila moja ya tiba hizo mbili, asilimia 22 wamepona. Wamepona! Magazeti yakabeba. Mimi ningekuwa zamu siku hiyo ningeibeba pia.

Waliokaa chini na kusoma jedwali kwa jedwali walikuwa wagonjwa. Watu wengine hawawezi kukaa wima zaidi ya saa moja, wanasoma ukurasa leo na ukurasa kesho kutwa. Na walikuta hivi.

Kuna dodoso linalopima uwezo wa mwili kuanzia 0 hadi 100: unaweza kupanda ngazi, unaweza kuoga mwenyewe, unaweza kutembea mwendo gani. Ili uingie kwenye jaribio, alama zako zilitakiwa ziwe 65 au chini, yaani wewe ni mgonjwa kiasi cha kutosha. Mpango wa awali uliochapishwa ulisema aliyepona ni mwenye alama 85 au zaidi. Baadaye kipimo cha kupona kikashushwa mpaka 60.

Soma tena, taratibu. Unaingia na 65, mgonjwa. Unatibiwa mwaka mzima, unashuka mpaka 60, na kwa dodoso hilo umefikia kiwango cha kupona. Umeumwa zaidi, umepona! Ilibainika kwamba asilimia 13 ya washiriki walikuwa tayari wamefikia kiwango cha "kawaida" kwenye angalau kimoja kati ya vipimo viwili vikuu siku ya kwanza, kabla hawajapewa tiba yoyote.

Halafu kulikuwa na suala la kuuliza na kupima. Walipoulizwa kwa dodoso wanajisikiaje, waliopata mazungumzo au mazoezi walijibu vizuri zaidi. Lakini mtu akifundishwa kwa miezi kwamba uchovu wake asiutilie maanani sana, kisha ukamuuliza una uchovu kiasi gani, unategemea ajibu nini? Walipotembezwa kwa dakika 6, kundi la mazoezi lilifika wastani wa mita 379 baada ya mwaka. Ni zaidi ya mwanzo, kweli, lakini bado ni mwendo wa mtu mgonjwa sana. Kundi la mazungumzo halikuwazidi waliopata huduma ya daktari peke yake. Kurudi kazini, hakukuwa na tofauti ya maana.

Watafiti walijibu kwamba mabadiliko ya vipimo yaliamuliwa kabla ya kuchambua matokeo na kwamba hakuna lililofichwa. Basi tuoneni takwimu zenyewe, wagonjwa wakasema. Hapana, chuo kikasema.

Mtu aliyewafungua mlango anaitwa Alem Matthees, mgonjwa wa Perth, Australia. Mwaka 2014 aliandika ombi kwa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London, chini ya sheria ya Uingereza ya uhuru wa taarifa, akitaka takwimu za washiriki bila majina. Chuo kikakataa. Oktoba 2015 kamishna wa taarifa akaamua zitolewe. Chuo kikakata rufaa, na kilitumia zaidi ya pauni 200,000 kwa mawakili. Mwezi huohuo David Tuller, mwandishi wa habari aliyekuwa akifundisha afya ya jamii kule Berkeley, California, alichapisha uchunguzi mrefu wa PACE, na wanasayansi ambao hawakuwahi kuusikia ugonjwa huu wakaanza kuuliza maswali.

Hoja mojawapo ya chuo ilikuwa kwamba wanaharakati ni watu hatari. Wessely mwenyewe ameeleza kwamba amewahi kupokea vitisho, na sina sababu ya kumkatalia. Mtu anayemtisha daktari hana utetezi kwangu. Lakini jopo lililosikiliza rufaa liliona madai ya shahidi mmoja wa chuo yametiwa chumvi mno: ushahidi halisi uliokuwa mezani ulikuwa mtu mmoja aliyezomea kwenye semina. Agosti 2016 jopo likaamua takwimu zitolewe. Septemba zikatolewa.

(2016 ndio mwaka ambao sisi pia, Tanzania na Kenya, tulipata sheria zetu za kupata taarifa. Wenzangu wa habari, ni lini mara ya mwisho mmeitumia? Mimi, mara sifuri.)

Wagonjwa wakishirikiana na wataalamu, akiwemo mwanasaikolojia Carolyn Wilshire wa New Zealand, walizichambua upya kwa kutumia kipimo cha awali, kilekile ambacho watafiti walikuwa wameahidi. Waliopona kwa mazungumzo wakawa asilimia 7. Kwa mazoezi, 4. Kwa huduma ya daktari peke yake, 3. Kwa kuishi ndani ya mipaka, 2. Tofauti ndogo kiasi ambacho inaweza kuwa bahati tu. Ile 22 ikayeyuka.

Matthees hakuweza kusherehekea. Kazi ya kuandaa utetezi wake ilimwangusha vibaya, akabaki kitandani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kwa kasi ya taasisi. Marekani ilikuwa imetangulia: Februari 2015, kamati ya Taasisi ya Tiba ilipitia machapisho zaidi ya 9,000 na kusema huu ni ugonjwa mzito wa mwili mzima, na alama yake kuu ni ule mporomoko unaokuja baada ya kujishughulisha. Yaani Ramsay, miongo kadhaa baadaye. Uingereza, taasisi ya NICE, inayoandika miongozo ya tiba, ilikuwa imependekeza mazungumzo na mazoezi tangu 2007. Mwongozo mpya ulitakiwa kutoka tarehe 18 Agosti 2021. Siku moja kabla, ukasimamishwa, kwa sababu vyama vikubwa vya madaktari havikukubali. Ulitoka tarehe 29 Oktoba. Mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba yasitolewe tena. Tiba ya mazungumzo itolewe kwa anayeitaka, imsaidie kuishi na ugonjwa, na asiambiwe kwamba itamponya. Ushahidi wa miaka yote ile, walipoupima, waliupa daraja la chini au la chini sana.

Hayajaisha, nilishasema. Mwaka 2023 watafiti zaidi ya 40 waliandika kwamba NICE ilikosea jinsi ilivyopima ushahidi; NICE ikakataa. Kila upande una maprofesa wake. Sitajifanya mwamuzi wa sayansi, ila ukiniuliza nani alinishawishi, ni wale walioonyesha hesabu zao.

Na mwongozo ni karatasi. Maeve Boothby O'Neill, binti wa mwandishi wa gazeti la The Times, Sean O'Neill, alifariki Exeter tarehe 3 Oktoba 2021, wiki chache kabla karatasi hiyo haijatoka. Alikuwa na miaka 27. ME ilikuwa imemfikisha mahali hawezi kula wala kuketi. Mwaka 2024 mahakama ya uchunguzi wa vifo iliamua kwamba alikufa kwa utapiamlo uliosababishwa na ME kali, na Oktoba mwaka huo mchunguzi akaiandikia serikali kuonya kwamba wagonjwa wa hali ile hawana pa kutibiwa. Alikuwa amelazwa hospitalini mara tatu mwaka ule aliofariki.

Agosti 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walitoa matokeo ya awali ya DecodeME. Walilinganisha vinasaba vya wagonjwa 15,579 na vya watu 259,909 wasio na ugonjwa, wakakuta sehemu nane zenye tofauti, nyingine zikihusiana na kinga ya mwili na mfumo wa fahamu. Si kipimo, si dawa. Dawa ya kuponya bado haipo.

Nilimpigia dada kumsomea rasimu. Yuko Tanga kwa mama yake sasa. Aliniambia anaye mshauri nasaha anayezungumza naye kwa simu mara mbili kwa mwezi, na anamsaidia sana, "kwa sababu hajawahi kuniambia kwamba sikuumwa." Nguvu zake anazihesabu kama uniti za Luku. Akiamka anajua leo ana ngapi. Kuoga ni moja, kupika ni mbili, simu yangu moja na nusu. Akikopa, giza la wiki nzima.

Kwa hiyo sikumsomea yote. Nilimtumia, akaisoma kwa siku nne. Kisha akanirudishia ujumbe mfupi wa marekebisho. Hakuwa na tatizo na takwimu za Waingereza. Ila pale nilipoandika kwamba baada ya Coco Beach alilala siku tisa, zilikuwa kumi na moja, na aliyekuwa akimlisha ni mama yake. Mdogo wake alikuwa shuleni. Nimeacha pale juu kama nilivyoandika mwanzo, muone.